Prizi Moja ya Jenereta

Wenzangu chuoni walinicheka, na hadi leo sijawasamehe. Eti nasomea namna ya kubana umeme Bujumbura, mahali ambapo umeme wenyewe hatuna. Vita vilikuwa vimechoka lakini havijaisha, nami nilikuwa mwaka wa mwisho, naandika kazi yangu juu ya chipu za kompyuta zenye viini vingi: zifanye kazi ileile huku zikila umeme kidogo.

Mama yangu, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mtaani Kinama, alinielewa kuliko wao. Nilimwambia, mwanamke mmoja ukimlazimisha atwange sombe yote ya majani ya muhogo mbiombio, atalowa jasho na kuishiwa nguvu. Wagawie wanne watwange taratibu, sombe itakuwa tayari saa ileile na hakuna atakayehema. Viini navyo ni hivyo. Ukivipunguzia mwendo unaweza kuvipunguzia na volteji, na hapo ndipo umeme unapookolewa.

Lilibaki jedwali la mwisho, la viini vinne. Bila hilo jury ya walimu isingekuwa na cha kuamini. Kompyuta ya idara ilihitaji siku mbili kulikokotoa, na umeme wa mji ulipokatika, jenereta ililisha prizi moja tu ya ukutani, ya ofisi ya sekretari. Nikachomeka hapo, nikazima kioo chake tu, hesabu ikiendelea, nikawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje.

Sasa, kwetu anayetetea kazi yake lazima awanyweshe walimu. Usipoleta bia, hata uwe na akili namna gani, watasema huna adabu. Baba mdogo, aliyenisomesha tangu baba yangu auawe, alihofia barabara ya Kinama isije ikafungwa asubuhi ya siku yangu, akapeleka kreti mbili jana yake. Sekretari akamwonyesha friji. Haikuwa na umeme. Baba mdogo akaona kompyuta ina kioo cheusi, akadhani imezimwa, akaichomoa, akachomeka friji.

Asubuhi sekretari alinisimulia hayo bila wasiwasi wowote. Programu yangu ilikuwa inaandika majibu mwishoni tu, kwa hiyo yote yalikuwa yamepotea. Ujinga huo ni wangu, naukiri. Lakini nani aliwafundisha watu kwamba bia ya moto ni aibu kubwa kuliko kazi ya mtu kuharibika? Nilimkuta baba mdogo mlangoni, kavaa suti ya kuazima.

"Mwanangu, usiogope," akaniambia. "Zimepoa sana."

Nikaingia naye ukumbini.

Jury ikauliza jedwali liko wapi. Nikasema mashine ilizimika. Wakanong'onezana, wakaniambia nirudi mwaka ujao. Mwaka mzima, jamani, kwa jedwali moja. Yote yalisemwa kwa Kifaransa, na baba mdogo Kifaransa hakijui. Alipoona wanasimama akadhani nimefaulu, akaanza kuwafungulia chupa mmoja mmoja, macho yamemjaa machozi ya furaha.

Mwenyekiti akashusha nusu chupa, akanishauri kwa upole nibadili mada, kwa sababu nchi hii haina umeme wa kuchezea.

"Profeseri," nikamwambia kwa Kiswahili, baba mdogo naye asikie, "umeme ulikuwako. Ndio huo muko munakunywa."