Manowari Iliyozunguka Dunia

Juzi, kwenye stesheni ya treni ya Rinkeby, huku ughaibuni, niliona tangazo lenye picha ya manowari ya zamani ya matanga, na harufu ya sabuni ya sakafu ikanijia puani. Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa akisafisha jumba la makumbusho, na siku zisizo na shule nilishinda naye, peke yangu kati ya makabati ya vioo. Mlinzi mmoja alinionyesha mfano wa manowari ile, akaniambia kwa Kiswidi kwamba iliizunguka dunia nzima ikarudi nyumbani. Kiswidi changu kilikuwa kichanga. Nilielewa kwamba bado inazunguka, ikikusanya watu.

"Mama, inapita na Uvira?" niliuliza. Baba alikuwa amebaki kule tulikotoka.

Mama aliacha kupangusa. "Kwa nini unauliza?"

Niliweka mdomo kwenye kioo, mkabala na matundu ya mizinga, nikanong'ona jina la Baba.

Leo najua ilivunjwa ikawa kuni kabla babu yangu hajazaliwa, na Uvira iko kando ya ziwa, mbali na bahari. Baba hakuja. Mama aliyajua hayo ya meli siku ileile, lakini alipiga magoti kando yangu, akasema taratibu, "Taja na jina la baba yake, wasije wakatuletea mtu mwingine."