Mkono wa Kupigia Gita

Nimepiga gita katika nyimbo za watu wengi, na pengine hata wewe umezicheza bila kunijua. Ndiyo kazi ya mpiga gita wa studio. Unaitwa, unaambiwa huyu anataka roki, unapiga, unakwenda zako, na wimbo unatoka kwa jina la mwingine. Jioni nilipiga roki kwenye mahoteli ya Shanzu, kwa wageni waliokuwa wakitafuna huku wameinamia simu. Lakini riziki yangu hasa ilitoka kwenye kutunga nyimbo za matangazo ya biashara: unga, rangi za nyumba, sabuni. Sabuni ndiyo iliyoniponza.

Tangazo lile lilivuma vibaya sana. Kisauni nzima watoto waliimba: uchafu wako wanuka, nenda kaoge. Basi mgombea mmoja wa udiwani akanijia kutaka wimbo wa kampeni, na akautaka upesi. Katika kazi yetu, mwenye haraka hupewa kilichopo. Nikayachukua mahadhi ya sabuni, nikayageuza kidogo, nikaongeza gita la kupasua masikio na maneno ya maendeleo. Kila mtunzi wa matangazo ninayemjua hufanya hivyo, na mimi nilikuwa fundi wa kuficha viraka.

Watu hawakudanganyika. Kwenye mkutano wa kwanza, gita lilipolia tu, umati uliyaacha maneno yangu ukaimba yale ya sabuni, ukimwimbia mpinzani wa mgombea wangu, bwana aliyekuwa na sifa ya kula vya umma. Tangu siku hiyo bwana huyo hakuwa na raha. Akipita sokoni, wauza mbaazi wanamwimbia akaoge. Akitoka msikitini, watoto wako mlangoni wanamngoja. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Vijana wa mpinzani huyo walikuja alasiri, niko peke yangu studio. Hawakubisha hodi. Wa kwanza aliivunja kompyuta kwa bapa la panga, wa pili akanipiga ngumi ya mdomo nikameza jino. Nilimtandika gita la uso kwa nguvu zangu zote, nikasikia pua yake ikivunjika, na nilifurahi. Bado nafurahi nikikumbuka. Kisha wakawa wengi juu yangu, wakanipiga mateke ya mbavu mpaka pumzi ikakatika, wakaniinua na kunibana kifua juu ya meza.

Mmoja wao, mwenye sauti ya upole kabisa, aliniinamia. "Tumeambiwa tukukate huo mkono," akasema. "Wapigia upi gita?"

Mtu asiyepiga gita huuona mkono wa kulia tu, kwa sababu ndio unaocharaza. Hajui kwamba muziki uko kushoto, kwenye vidole vinavyobana nyuzi, vidole nilivyovifunza tangu shule ya msingi mpaka vikaota sugu. Nikiukosa wa kulia, naweza kufunga kitu kwenye kigutu nikacharaza. Wa kushoto ukienda, mimi nimekwisha. Haya yote niliyafikiri damu ikinijaa mdomoni, upesi kuliko ninavyoyaandika.

"Wa kulia," nikasema. Na ili aamini, nikalia. "Wallahi ndugu yangu, nivunje miguu, nivunje chochote, usinikate wa kulia!"

Aliamini. Panga lilikuwa butu. Ilimbidi arudie, na akarudia tena, akitweta kama mpasua kuni, mpaka mwenzake mmoja akakimbilia nje kutapika. Mimi nilipiga mayowe ambayo sikujua yamo ndani yangu.

Hospitalini nilikuwa nikivikunja na kuvikunjua vidole vya kushoto chini ya shuka, nikijipongeza. Nimewapiga chenga, mbwa wale. Nilipanga kuwatungia wimbo, na nilipanga pia kuwaua, na mipango yote miwili ilinipa usingizi mzuri.

Niliporuhusiwa nilivuka kwenda Likoni, nyumbani kwa mama, mtaa wa Shika Adabu. Mama hakuwahi kulipenda gita. Siku hiyo alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaandaa sinia moja katikati ya mkeka, tukazunguka: yeye, dada yangu na shemeji. Dada alinimiminia maji nikanawa. Nikasema bismillahi, nikatia mkono siniani.

Mkono wa kushoto. Mkono ambao mama alikuwa akiuchapa kwa mwiko nilipokuwa mdogo kila ulipogusa chakula, mkono wa chooni. Shemeji alisita, tonge likabaki hewani. Kisha akainamisha macho, ana adabu zake.

"Ana dharura, Mungu ajua," dada akasema.

Hasira ilinipanda nikataka kulipindua sinia na wali wake wote. Pale juu ya meza ya studio nilikuwa nimefikiria nyuzi tu. Kula sikukufikiria, wala kumpa mtu mzima mkono wa salamu, wala kukaa na watu wangu kwenye sinia moja.

Mama alinishika mkono, akautoa siniani taratibu.

"Sogea huku, mwanangu."

Akaondoa miba kwenye samaki, akafinyanga tonge kwa mkono wake wa kulia, akalileta kinywani mwangu, mimi mwanamume mwenye mvi ndevuni.

"Haya, fungua."

Nikafungua. Nilitafuna huku nalia, shemeji akinitazama, na mama akafinyanga jingine.