Sikio la Upande wa Usukani

Tangu Kheri afariki, fundi Anyelwisye alikuwa anakanyagiwa akseleta na tofali.

Tofali halina shida. Unaliweka, injini inanguruma, unazunguka mbele na kuinamia injini yako, basi. Ila halisemi kitu. Na gereji yake pale Ipinda, mabati sita juu ya nguzo, ilikuwa imezoea maneno. Kheri, rafiki yake, alikuwa na duka la vipuri Kyela mjini, na kila akitoka kuswali adhuhuri alipanda bodaboda kuja kukaa kwenye kiti cha dereva cha gari lolote lililokuwepo. Hakuwa fundi. Alikanyaga alipoambiwa kanyaga, na aliongea hata asipoambiwa.

"Wee Mnyakyusa! Huko chini umefuga nyoka? Mbona kuna kitu kinafoka?"

"Nimeshamsikia, nyamaza," Anyelwisye alijibu kila mara, kisha akainama huko huko chini.

Hakuwa amesikia kitu. Miaka kumi na moja ya chumba cha injini, kwenye meli za ziwani zilizokuwa zinatoka bandari ya Itungi, ilikuwa imemlia masikio. Sauti nene zilimfikia. Nyembamba hazikufika kabisa, hata za ndege. Hilo hakumwambia mtu, hata marehemu mkewe. Fundi asiyesikia injini, nani atamwachia gari?

Jumanne moja asubuhi gari la Sabrina, binti wa Kheri, likaletwa likivutwa na pawatila, ile ya kulimia mpunga. Sabrina mwenyewe alikuwa ameshika usukani, kajifunga mtandio, uso umekunjamana.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Limefanyaje tena?"

"Limekata nguvu Makwale. Kwanza harufu ya oili kuungua, halafu nikasikia paa! Basi, likawa halivuti hata baiskeli."

Anyelwisye alijua kabla hajainua boneti. Mwezi ule waliomzika Kheri, Sabrina akiwa bado msibani, fundi mwenyewe alilifunga gari hili kipande cha mpira wa pampu ya shambani kwenye njia ya hewa ya turbo, ile feni inayoipulizia injini hewa. Kyela nzima kila nyumba ina kipande cha mpira ule, umelala nyuma ya jiko, na unene wake ulienea pale kama umekatiwa. Maji unayapitisha miaka na miaka. Lakini hewa ya turbo ni ya moto, ina mvuke wa oili, nayo inasukuma. Mpira ulikuwa umelainika kama ndizi iliyochemshwa, ukapasuka kwa urefu. Na juu yake gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka, oili inachuruzika hadi kwenye bomba la moshi.

Mpira haupasuki siku moja. Lazima ulikuwa unapiga mluzi tangu mwanzo. Mtu mwingine angeusikia siku ile ile ulipofungwa.

"Keshokutwa nampeleka mama hospitali Mbeya," Sabrina alisema. "Likinifia milimani kule Tukuyu naye yumo ndani?"

"Halitakufia."

"Mjini wanasema, baba mdogo."

"Wanasema nini?"

Sabrina aliangalia chini. "Kwamba tangu baba aondoke, mkono wako nao umeondoka. Mimi nimewaambia nitaleta hapa hapa mara moja hii."

Akatoa kwenye mfuko mipira mipya ya turbo, ile yenye nyuzi ndani, pamoja na gasketi, vyote vya dukani kwa baba yake.

Anyelwisye alifanya kazi bila kunywa chai. Alifungua tapeti kava, akakwangua gasketi ya zamani iliyong'ang'ania kama ukoko wa wali, akafuta mpaka chuma kikang'aa. Akalaza mpya, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kila moja kwa zamu. Akabadilisha na gasketi ya mahali oili inaporudia kutoka kwenye turbo. Mwisho mipira, mikubwa na midogo, kila mmoja na klipu yake.

Kisha akainama kuokota tofali.

"Hilo la nini?"

"La kukanyagia."

"Na mimi nimekufa?" Sabrina akapanda.

Kwenye kioo cha mbele Anyelwisye aliona paji la uso la Kheri, limo usoni mwa binti yake. Akageuka haraka. Injini ikanguruma. Alipitisha kiganja juu ya mipira, akapaka povu la sabuni kwenye maungio aliyoyafikia. Hakuna pumzi, hakuna povu linalovimba. Akanyoosha kidole gumba.

Sabrina hakuachia mguu. Alimtazama. Kisha akapaza sauti nene, sauti isiyokuwa yake.

"Wee Mnyakyusa! Huko nyuma ya injini umefuga nyoka?"

"Nimeshamsi..."

Akainua kichwa. Injini ikazimwa.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba. Alisema nikikuletea gari nisishuke, nikae nisikilize. Nikisikia kitu niseme kwa utani. Nisikuaibishe."

"Alijua lini?"

"Sijui. Mimi nimemkuta anajua."

Anyelwisye alichukua tambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa na oili nyingi hivyo. Miaka yote ile alidhani anamdanganya Kheri. Angeweza kuinama sasa hivi, atafute, aseme nimemsikia. Lakini huko nyuma kulikuwa na maungio matano, na mama wa mtu alikuwa anasubiri kupandishwa milima.

"Sisikii, Sabrina," alisema. "Njoo unionyeshe."

Sabrina alishuka, akaweka kidole kwenye kimpira kidogo nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga na viti. Klipu ilikuwa imeuma upande. Anyelwisye aliifungua, akainyoosha, akakaza upya. Sabrina akarudi kukanyaga, kichwa nje ya dirisha.

"Sasa?"

"Kimya kabisa, baba mdogo."

Alipoondoka alisema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa lafudhi mbovu ya baba yake. Anyelwisye aliisoma midomoni.

Kesho yake alikuja Andrea wa Makwale na pikapu yake ya kubebea kakao. Anyelwisye alilibeba tofali hadi mlangoni pa gari, akasimama, akalirudisha chini.

"Panda wewe ukanyage," alisema. "Ukisikia kitu uniambie. Masikio yangu yamekufa."

Andrea alifungua mlango. Akapanda, akakanyaga.

"Upande wa kulia," alisema.

Anyelwisye aliinama upande wa kulia. Akakaa hivyo kidogo, kiganja juu ya mpira, akingoja kama kuna neno jingine.