Nani Atakuwa Mama Mchungaji

Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini kanisa letu hapa Kitale nililifyatulia matofali kwa mikono hii, na kwenye kamati ya wazee hakuna wa kuniambia nitoke. Kwa hivyo nilikuwepo siku walipomkataa binti yangu.

Mchungaji wetu alikuwa amestaafu. Walioomba nafasi ni wawili: kijana fulani wa Bungoma, na binti yangu, ambaye alisomea uchungaji miaka minne, akawa msaidizi kule Kachibora miaka sita bila kupewa kanisa lake. Kila mmoja alihubiri Jumapili yake. Kijana alisoma mahubiri kwenye simu, simu ikaisha chaji, akatuimbisha pambio mpaka tukachoka. Binti yangu hakushika hata karatasi.

Kisha kamati ikakaa. Kwetu, anayeomba kazi huja na mke wake, aonwe. Mke wa mchungaji ndiye huongoza akina mama, hupikia wageni, huzuru wagonjwa, na halipwi. Mke wa kijana alitumiminia chai. Wazee wakafurahi.

Binti yangu alikuja na mumewe, fundi wa pikipiki.

"Sasa mama," mwenyekiti akamwuliza, "mchungaji ukiwa wewe, mama mchungaji atakuwa nani?"

"Si huyu bwana afungwe leso!" mwingine akadakia. Wakacheka, bana, mpaka meza ikatikisika.

"Mzee, mlitangaza kazi moja," binti yangu akajibu. "Mimi naomba hiyo moja."

Wakampa kijana.

Niseme ukweli: hata mimi miaka yote nimewapima wake za watu kama ng'ombe sokoni, na sikuona aibu mpaka siku hiyo. Nikasimama. "Nyinyi hamtafuti mchungaji. Mnatafuta mfanyakazi wa bure!" Nikachukua kofia, nikawaambia wabaki na kamati yao.

Binti yangu akanishika mlangoni. "Baba, kule Naitiri pia wanatafuta mchungaji. Lazima nipeleke barua ya kunipendekeza kutoka kamati ya kanisa la nyumbani, na kamati yenyewe ndiyo hii. Ukitoka, nani ataidai hiyo barua?"

Nikarudi, nikakaa, mdomo umefura. Nikamwambia mwandishi achukue kalamu, barua iandikwe leo.

"Tutaangalia kikao kijacho, mzee," mwenyekiti akasema.

"Mtaangalia sasa hivi."

Wakaanza kutazama saa zao. Mimi ng'ombe wangu nilikuwa nimeshawakama, sikuwa na haraka.