Msibani Bila Kipaza Sauti

Naogopa kusahaulika kuliko ninavyoogopa kufa. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa, mbele ya watu waliovaa vitambulisho shingoni. Nilikuwa naitwa kwenye semina kufundisha namna ya kuishi kwa kusudi na si kwa ajili ya makofi. Nikimaliza, nasimama palepale nikisubiri makofi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nikasingizia vumbi, nikasingizia feni za hoteli. Ilipofika hatua ya kulia kama mlango wa zizi, nikaenda kwa daktari wa koo Musoma. Akapitisha kamera nyembamba puani, akatazama, akanyamaza. Nimewahi kuandika makala nzima kusifu ukimya, lakini huo wa kwake sikuupenda. Siku alipokata kipande cha kinundu alichokiona kooni kipelekwe Mwanza kuchunguzwa, alinionya nisiongee mpaka anipigie.

"Hata kunong'ona, Dokta. Kunong'ona ndiyo mbaya zaidi."

Dokta ni mimi, kwa sababu ya shahada yangu ya fasihi. Yeye aliyeshika kisu nilimwita kaka.

Nyasho, mtaa wa Musoma nilikopanga, sikuweza kukaa. Ukipita mbele ya majirani bila kuitikia salamu mara tatu, mara ya nne wanaulizana una nini nao. Nikakimbilia kwa mama, Butiama, nikiwa na maelezo yangu niliyoyaandika kwenye simu. Mama aliyasoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Miaka yote nilikuwaga naomba unyamaze kidogo," akasema. "Mungu anachelewaga, lakini akileta analeta lori zima."

Akacheka. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, na kupitia dirishani nikamwona amejiziba mdomo kwa kanga.

Tangu hapo hofu ikawa mtu wa tatu nyumbani. Nilikuwa nameza mate ili kupima kama yanapita. Nilikuwa najipapasa shingo mpaka ikauma, kisha naogopa yale maumivu. Mama alisema "ule ugonjwa", hakuutaja kwa jina, kana kwamba ungeitika. Simu ilikaa kifuani mwangu, na kila ilipotetemeka nami nilitetemeka.

Siku moja simu ikaleta ujumbe kutoka Bunda, kwa watu waliokuwa wananisubiri niendeshe semina yao. *Usijali Dokta, tumepata mwingine. Imeenda vizuri sana.*

Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye zizi la mama, nikashika mti wa uzio. Nilikuwa nasubiri kuambiwa kama nitakufa, na kumbe kilichoniangusha ni kwamba semina imeenda vizuri sana. Nikajiuliza, kama sauti haitarudi, mimi ni nani hasa? Swali hilo likanitisha kuliko kisu.

Katika hali hiyo ndipo jirani yetu, mzee wa nyumba ya pili, akafariki.

Kwetu, aliyesoma akifika msibani hukabidhiwa kipaza sauti. Haulizwi. Kamati inagawa kazi: hawa kuni, hawa maji, wale turubai, na Dokta asome historia ya marehemu. Nimesoma historia za watu ambao sikuwahi kula nao hata muhindi wa kuchoma. Naingia, nasoma, nawaliza, naondoka na sifa. Safari hii mwenyekiti wa kamati alinijia na karatasi, mama akamkata.

"Huyu hana sauti."

"Dokta hana sauti? Sasa amekuja kufanya nini?"

Hakuwa na ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hilohilo. Mama mmoja aliyesimamia jikoni akanitazama juu mpaka chini.

"Mikono anayo? Basi aje asonge. Vua hiyo saa, Dokta, ugali haupendi majivuno."

Nikasonga. Mwiko ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, na sufuria ilinitawala. Wanawake wakacheka: "Sukuma, dada! Huo mwiko si kalamu!" Moshi ukaingia kooni, nikakohoa, na kila kikohozi nilikipokea kama hukumu. Kule kwenye spika mwalimu fulani alikuwa akisoma kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na mcha Mungu. Alisoma vizuri. Nilitamani akosee.

Tulipomaliza kuzika na watu kupungua, nikakaa kwenye mkeka karibu na mjane. Nilikaa hapo kwa sababu mikono ilikuwa imevimba malengelenge na hapo palikuwa na kivuli. Siku zote mfiwa nilikuwa nampa sentensi zangu mbili tatu nzuri, halafu nachukua begi langu. Sasa sikuwa na hata moja. Nikamshika mkono, basi.

Halafu akaanza.

"Hawajasema alikuwaga anaogopa radi."

Nikamgeukia.

"Mtu mzima, ng'ombe wote wale, lakini mvua ikianza anaingia mvunguni. Namfuata hukohuko. Namwimbia ule wimbo wa kuwalaza watoto, mpaka ipite. Watoto wenyewe hawajui. Angekufa kwa aibu." Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Sasa mvua zinakuja. Nitamwimbia nani?"

Kama ningekuwa na sauti ningemjibu. Ningemwambia jambo la busara, naye angesema asante Dokta, na mvungu ule nisingeuona kamwe. Nikaogopa upya, hofu nisiyoizoea: niliogopa sauti yangu isije ikarudi kabla hajamaliza.

Na simu ikatetemeka. Namba ya daktari.

Nikaitoa kifuani. Mama, aliyekuwa nyuma yetu, akainyakua.

"Nani? Ndiyo, yupo, lakini si ulimkataza kuongea? Mimi ndiye sauti yake. Nimemzaa mimi, sema."

Akasikiliza. Nilimtazama usoni kama mtu anayetazama mto akiwa hajui kina chake. Akakaa chini palepale kwenye majani.

"Anasema si ule ugonjwa," akasema. "Anasema ni kinundu cha kelele tu. Anataka akusikie useme 'aaa'."

Nikafungua mdomo. Kando yangu mjane alikuwa ameacha kusema katikati ya neno. Alikuwa amesogea kidogo kwenye mkeka, kwa adabu, kama watu wa kwetu wanavyosogea ili Dokta aongee.

Nikaufunga mdomo. Nikatikisa kichwa.

Mama alinitazama, kisha akamtazama mjane, akairudisha simu sikioni.

"Daktari, subiri kidogo," akasema. "Mwenzake hajamaliza."