Kioo cha Kadzo

Wiki iliyopita, katika tamthilia ya anga za juu ninayoifuata, daktari wa chombo alifungua sanduku la barafu, na binti aliyelala humo miaka mia akakohoa, akaamka. Mashabiki wenzangu waliandika kwamba kisa hicho hakiaminiki. Mimi nilikirudia mara nne, nikilia.

Nilikuwa na miaka minane malaria ilipomuua mdogo wangu, Kadzo. Alasiri ya mazishi jeneza lake liliwekwa sebuleni kwetu Kisauni, likinuka vanishi mbichi, na uani kina mama wa kanisani walikuwa wakiimba polepole. Juu ya uso wake palikuwa na kidirisha cha kioo. Masanduku ya barafu tuliyoyaona pamoja kwenye tamthilia za televisheni kila Jumamosi yalikuwa na kioo vivyo hivyo, na waliolala humo waliamka. Sikujua kwamba kioo kile kiliwekwa kwa ajili yetu, si yake. Nilikaa karibu nikingoja kipate mvuke wa pumzi yake.

Mjomba alipokuja na bisibisi kufunga kifuniko cha kidirisha, nilimshika mkono.

"Mjomba, usikaze. Akiamka atatokaje?"

"Mwanangu, Kadzo haamki tena."

Nikamng'ata. Watu wakanikamata, nikawapiga mateke.

"Mwacheni," Baba akasema. Akakifunua tena kile kioo. "Haya, mwite."

Nikamwita, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zangu zote, mpaka nyimbo za uani zikakatika. Baba hakuninyamazisha. Alikuwa ameinama, sikio lake kiooni, akisikiliza.