Mradi Ulioanguka Wenyewe

Jumamosi tulikusanyika kisimani kwenye avenyu yetu, hapa Kamina, kumsikiliza prezida wa komite ya maji. Tulikuwa tumemkabidhi barua ya kuomba pompi ya maji, yenye alama za vidole za kila nyumba, aipeleke ofisi ya mradi kabla ya orodha ya waombaji kufungwa. Tangu arudi kutoka semina ya Ndola, Zambia, bwana huyu hasalimii mtu bila Kiingereza. Akanyoosha kravati shingoni, akatangaza: “Bamama, proje iko *fall through*.”

Muuza samaki mmoja, beseni tupu mkononi, akauliza: “Ile ni kusema nini, Papa prezida?”

“Ni kusema inaanguka, Mama. Yenyewe tu. Bangereza banasemaka vile kama hakuna muntu wa kulaumu.”

“Yenyewe? Proje iko na miguu? Barua weye ulipeleka siku gani?”

Akapapasa mifuko ya koti, kwanza taratibu, kisha kwa pupa. Barua ikatoka mfuko wa ndani, imekunjwa vilevile tulivyoikunja. Orodha ilifungwa juzi.

Kiingereza nilikisoma chuo kikuu. Maneno yale husemwa kweli kwa mpango uliovunjika kabla ya kutimia, ila hayamwoshi aliyeuvunja. Nilikuwa najiandaa kueleza hayo kisomi, mama wa samaki akaniwahi. Alimsukumia prezida beseni mikononi.

“Shika, Papa. Mpaka pompi ifike, weye njo utatuchotea maji.”

Tukapanga mstari. Alipoinama kumimina ndoo ya kwanza, kravati ilitangulia kuingia kwenye beseni.